Nyota Tano za Mustaf

Mtu ambaye hajawahi kumnywesha ngamia hata mmoja ndiye anayetuambia visima vyetu vina maji! Nyinyi chekeni, mimi nimechoka kucheka. Binamu yangu Mustaf anakaa Garissa mjini chini ya feni, anahariri kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuiandika. Huko wana njia yao ya kumpima mtu uaminifu: maneno yako yakikaa muda mrefu bila kufutwa, unapewa nyota. Mustaf anazo tano. Huzitaja hata kwenye harusi za watu.

Sentensi anayoringia zaidi ni hii: "Kisima cha Dololo kina maji mwaka mzima." Aliichota kwenye ripoti ya zamani ya shirika fulani. Haikufutwa kwa sababu mtu aliyeko Dololo anahangaika na kamba na ndoo, hana haja ya kusoma habari za kisima kilicho mbele yake. Mtambo utajuaje hayo? Unaona sentensi imekaa, basi unaiita kweli.

Mimi ni mwalimu Takaba. Kiangazi hiki nilipita Dololo, nikakichungulia kisima kwa macho yangu haya: vumbi tupu na mzoga wa mbuzi. Nikaandika kwamba kimekauka. Muda si muda Mustaf kafuta. Nikampigia simu.

"Khadro, wewe huna hata nyota moja," akaniambia kwa ile sauti yake ya ofisini. "Kuona si ushahidi. Lete ripoti."

"Ripoti ya nini, na kisima nimekiona? Wafugaji siku hizi wanasoma huko, Mustaf! Mifugo itakufa!"

"Fuata utaratibu, dada."

Utaratibu, wallahi! Nikaandika tena, akafuta tena, kisha nikafungiwa nisiandike kabisa.

Kwetu msafiri akifika huulizwa, "Warran?", yaani lete habari, naye hueleza mvua, malisho na maji. Akidanganya, haulizwi tena. Na mzee hahamishi ngamia bila kumtuma mtu atangulie kuangalia maji. Adeer Kulow, ami yangu na babake Mustaf, alifanya hivyo maisha yake yote. Mwaka huu alisoma simuni, akaziona nyota tano, jina la mwandishi halionyeshwi, akasema wa kutangulia wa nini tena. Akaswaga ngamia wote hadi Dololo. Mimi nilikuja kusikia mambo yamekwisha haribika.

Shule zilipofungwa nilimkuta Adeer Garissa kwa Mustaf. Alikuwa amekuja kwa lori, bila hata ngamia mmoja nyuma yake.

"Nilisoma," akatueleza, chai mkononi. "Aliyeandika ana nyota tano. Nikasema huyu ni mtu wa kuaminika. Wote wamekufa pale kisimani."

Mustaf akainamia kikombe chake. Nimhurumie? Thubutu!

"Mustaf, mwambie baba nani aliandika."

Akasema ni yeye, huku akimung'unya habari za ripoti. Adeer hakugomba. Alimaliza chai yake, kisha akaanza kutuuliza habari mmoja mmoja, kama desturi. "Warran, Khadro?" Nikamweleza ya Takaba. "Warran, Fatumo?" Mke wa Mustaf akaeleza ya watoto. Hata jirani aliyeingia kuomba chumvi aliulizwa, akajibu. Mustaf akajiweka sawa kitini, akakohoa kidogo, akingoja zamu yake.

Adeer akaomba maji ya kutawadhia.