Mche wa Pili Ni wa Winfrida

Wifi yangu Mokami akiona mmea mgeni uani kwa mtu, hata kama amekwenda msibani, lazima aombe. Nimemwona kwa macho yangu akitoka kwenye matanga kule Sirari na kijiti cha waridi la manjano ndani ya kitenge, machozi hayajamkauka. Nikamwambia hana haya. Akanijibu kwamba waridi halikufiwa.

Kwake Itiryo, nyuma ya nyumba aliyoacha marehemu kaka yangu, siku hizi hakuna pa kukanyaga. Kuna migomba ya kupika na ya kuivisha, kuna pasheni, parachichi za kupandikizwa, stroberi alizoomba kwa masista, mchaichai, na mboga nyingine ambazo hata jina hatulijui. Na kila kitu kipo mara mbili. Mche wa kwanza ni wake, mche wa pili ni wa binti yake Winfrida, aliyeolewa Issenye, kule Serengeti. Mche wa pili ukishashika, Mokami anaufunga kwenye kiroba pamoja na udongo wake, anautuma kwa basi hadi Mugumu, na huko bodaboda anaupokea na kuufikisha.

Mimi Robi si mjinga. Nilijua mapema kwamba mwenzangu hakuwa na shida ya mimea, alikuwa na shida ya sababu ya kutuma kitu. Alimkumbuka mwanawe mpaka anaumwa, na njia ya kumfikia hakuwa nayo, maana kwetu Wakurya mama mkwe haingii nyumba ya mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia vichakani. Basi Mokami nyumba ya bintiye aliijua kwa simu tu. Kila mche ukifika anapiga: umeupanda wapi, unapata jua, kuku hawaufikii? Winfrida anajibu kwamba umeshika na unaendelea vizuri. Mokami akikata simu anakwenda kukaa karibu na mche wa kwanza, anautazama mpaka chakula kinapoa.

Mwaka jana akaanza kusema kwamba anataka kuiona hiyo bustani kabla hajafa. Akasema asubuhi, akasema jioni, nikachoka. Hasira zangu ziko karibu, ndugu wananijua. Nikawaendea wazee wa ukoo nikawauliza: mila imekataza nyumba, je, imekataza na bustani? Mgomba una mlango? Wakakuna vichwa. Wakajadiliana mpaka pombe ikaisha, mwisho wakasema akipita nyuma, na mkwe mwenyewe asiwepo, hakuna ubaya. Nelson, mume wa Winfrida, alipopewa habari alifurahi. Akasema siku hiyo atashinda malishoni na ng'ombe, hatakanyaga nyumbani mpaka tuwe tumeondoka.

Huyo Nelson si mtu mbaya. Nasema mapema msije mkamtafutia kosa. Hapigi, halewi, na mahari alitoa ng'ombe wa kutazamika. Ng'ombe hao hao ndio Heche, kaka yake Winfrida, aliowatoa kumwoa Scholastica, kwa sababu ndiyo desturi yetu, ng'ombe wa dada humwoza kaka. Leo Scholastica ndiye anayempikia Mokami, na watoto wake wanalala kitanda kimoja na bibi yao.

Tulikwenda mvua za masika zilipoanza. Mokami alipakata mkomamanga aliouomba kwa mama mmoja wa Turwa, akaupakata njia nzima, hata kondakta alipotaka kuuweka chini alikataa. Winfrida alitupokea kwenye uzio. Aliniamkia shikamoo, kisha akamshika mama yake na hawakuachiana haraka. Baadaye tukazunguka nyuma.

Hapakuwa na bustani. Palikuwa na makopo. Makopo ya rangi, ndoo zilizopasuka, madumu yaliyokatwa, viroba, vyote vimepangwa kando ya ukuta, vimemwagiliwa, havina gugu hata moja. Kila mche ambao Mokami alituma ulikuwepo, mzima, ila mdogo kuliko umri wake. Parachichi ambayo pacha wake kwetu ameshazaa, hapa ilinifika kiunoni. Hakuna hata mmoja ulioshuka ardhini.

Winfrida akaanza kujieleza kabla hajaulizwa. Udongo wa huku ni mweusi, ukikauka unapasuka. Mbuzi ni wasumbufu. Tembo wakivuka kutoka hifadhini hawaachi mgomba. Nikatazama ng'ambo ya uzio, nikaona jirani ana mipapai na migomba yenye mikungu, kwenye udongo huo huo mweusi.

Mokami alipita kopo kwa kopo akigusa majani. Alipofika mwisho akauliza, bila kumtazama mwanawe, kwa nini.

"Nikipanda chini, mama, nitakuwa nimehamia," Winfrida alisema. "Hivi ilivyo, siku ukiniambia nirudi, ni kupakia tu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilisimama pembeni na bado niliona lile neno likimpanda wifi yangu kooni. Neno lenyewe ni fupi, rudi. Lakini angelisema, ng'ombe wa Nelson wangedaiwa, na ng'ombe hawapo, wamekwisha kuwa Scholastica, wamekwisha kuwa wajukuu. Wale watoto Mokami anawapenda. Na huyu aliyesimama mbele yake alimzaa.

Hakulisema. Akafanya jambo la kijinga zaidi. Akajifunga kitenge kiunoni, akainamia kiroba cha mgomba, ule aliotuma wa kwanza kabisa baada ya harusi, akakikumbatia ili akiinue. Alitaka kukipeleka wapi sijui, na nadhani hata yeye hakujua. Kiroba hakikutoka. Akavuta tena. Winfrida akaja kumsaidia, mama upande huu, binti upande ule, wakavuta wote wawili wakilia, mpaka kiroba kikachanika chini. Hapo tukaona. Mizizi ilikuwa imetoboa zamani ikaingia ardhini, na pembeni, nje ya kiroba, chipukizi lilikuwa limeshachungulia kutoka kwenye udongo mweusi.

"Huu sikuupanda mimi," Winfrida alisema, kama mtu anayejitetea mbele ya baraza.

"Najua," mama yake akamwambia. "Leta jembe."

Akalileta. Mokami akakichana kile kiroba chote, akafukia mizizi, akashindilia kwa miguu polepole, kwa muda mrefu kuliko mgomba wowote unavyohitaji. Kisha akampa binti yake jembe, akamwonyesha parachichi. Winfrida alikaa nalo mkononi. Niliogopa atalitupa. Halafu akapima mahali kwa macho, mbali kidogo na ukuta, akapiga jembe la kwanza.

Mbali kwenye mteremko ng'ombe walikuwa wamesimama, na mwanamume mmoja amesimama nao, ametupa mgongo kwa heshima, anasubiri. Mokami alimwona. Akafuta mikono kwenye kitenge, akatazama tena shimo ambalo mwanawe alikuwa analichimba.

"Twende, Robi," akaniambia. "Wenye nyumba wanataka kuingia kwao."