Matusi ya Mezani kwa Fundi Redio

Mama mkwe wangu alikuwa na sheria moja nyumbani kwake: mke na mume wasitukanane. Basi sisi tukatukanana kwa Kiingereza.

Mume wangu alikuwa fundi redio, na kila jioni redio iliyokuwa mezani ilitoa somo la Kiingereza. Mimi nashona upande huu, yeye anaunga nyaya upande ule, masikio yote kwa mwalimu. Siku waliyofundisha maneno ya watu wasumbufu, jamani, tuliyadaka kama peremende! Asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini ni "stubborn". Asiyetaka kushirikiana na wenzake ni "uncooperative". Anayewawekea wenzake vikwazo kwa makusudi ni "obstructive".

Nikimwomba anisogezee pasi, anajifanya kiziwi. "Uncooperative!" namrushia. Naye akikuta nimekalia bisibisi yake na sinyanyuki ng'o, ananijibu, "Obstructive wewe!" Siku moja nikamsikia mama mkwe akiwatambia majirani, "Wanangu hawa wanapendana! Hata mahaba yao ni ya Kizungu." Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Ee, siku zile! Ningerudishiwa jioni moja tu, ningeipokea kwa mikono miwili.

Mama mkwe ameshatangulia mbele ya haki, na watoto wana miji yao. Mwaka huu mume wangu akapigwa na kiharusi. Alirudi kutoka hospitali mkono mmoja hauna nguvu na mdomo kimya. Muuguzi akaniambia nimsemeshe, kwani sauti huenda ikarudi na huenda isirudi. Nikamsemesha. Nikamtajia watoto mmoja mmoja, nikamwombea dua sikioni, nikambembeleza kama kichanga. Wageni nao wakaja na pole zao za sauti ya chini. Yeye ananitazama tu. Niliogopa, sisemi uongo. Niliogopa nisiisikie tena sauti yake mpaka tunazikana.

Juzi mchana namlisha supu, akafumba mdomo. Nikabembeleza, akafumba zaidi. Kijiko kikagonga meno, supu yote ikanimwagikia gaunini. Hapo yakanifika shingoni.

"Baba watoto, wewe ni stubborn!" Nikalitua bakuli kwa kishindo. "Uncooperative! Obstructive! Na mchoyo juu yake, unaninyima hata neno moja, na Kiingereza cha hilo sikijui!"

Nilisimama mikono kiunoni, namtukana huku machozi yananitiririka, majirani wasikie wasisikie shauri yao. Mwisho pumzi zikaniishia, nikanyamaza.

Midomo yake ikatikisika. Ikahangaika, ikatulia, ikaanza tena. Nikamwinamia.

"Endelea," akasema.