Alhamisi ya Fundi

Mafundi cherehani wana dhambi yao moja inayojulikana mji mzima, nayo ni Alhamisi. "Njoo Alhamisi, utaikuta tayari." Unakwenda Alhamisi, unaikuta nguo yako ilivyokuwa, haijaguswa hata kwa mkasi. Fundi wetu huyu, mama wa makamo anayetembea na sindano kwenye ukosi wa gauni, alikuwa bingwa wao. Hakuwahi kumwonea aibu mteja, wala hakumwonea aibu Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mstaafu, jirani yake wa kiti katika chumba cha mashine za kusafisha damu. Figo zao wote wawili zilishagoma kazi. Kila Jumatatu na Alhamisi walifungwa mirija mkononi, wakakaa asubuhi nzima wakitaniana. Mashine ile hutia baridi ya kuingia mifupani, kwa hiyo kila mgonjwa huja na blanketi lake. La Mwalimu lilifumuka pindo, akampa Fundi alishone.

"Fundi, blanketi langu?"

"Alhamisi, Mwalimu."

"Alhamisi ya mwaka gani?"

Chumba kizima kilikuwa kikicheka, na Mwalimu akijifunika koti lake la zamani. Utani huo uliendelea hadi Mwalimu akafariki.

Baada ya mazishi Fundi alikaa kwenye cherehani, akashona pande tatu za blanketi, mikono ikaishiwa hamu. Hakulia. Alikuwa na ganzi, ile anayokuchoma daktari wa meno, ila hii ilikuwa imeshuka hadi moyoni. Alikula bila kujua anakula nini. Na katika ganzi hiyo akaamua kuwa Jumatatu iliyofuata ingekuwa siku yake ya mwisho kwenda kwenye mashine. Hakumwambia mtu, hata wifi yake aliyemsindikiza na kumngoja nje. Anayeacha mashine hadumu; alilijua hilo kama anavyojua kukata kola. Blanketi alilileta ndani ya mfuko wa kubebea ili aliache hukohuko, lisibaki dukani likimkodolea macho.

Jumatatu hiyo, alipokwisha kufungwa mirija, mshauri wa wagonjwa akavuta kiti. Alikuwa binti mpole, asiye na haraka.

"Mama, tangu Mwalimu atutoke hatujaongea. Unajisikiaje?"

"Salama."

"Ukitaka kulia, lia tu, mama."

"Machozi si bomba, mwanangu, kwamba nitafungua yatoke."

Binti akatabasamu kidogo. "Basi sikulazimishi. Niambie moja tu. Alhamisi utakuja?"

Alikuwa na jicho kali, binti yule.

"Alhamisi, Mungu akipenda," Fundi akajibu, kwa sauti yake ya dukani, laini na tamu. Mshauri hakuwahi kushonesha nguo kwake. Akashukuru, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mara nesi akamleta mgonjwa mpya, mama mmoja mpishi wa mkahawani, akamkalisha kwenye kiti cha Mwalimu. Fundi akatazama, akingoja kuumia. Hakuumia.

Haukupita muda, meno ya mpishi yakaanza kugongana. Wataalamu walikuwa wamemweleza habari za chumvi na za maji. Habari ya baridi waliisahau, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa kwenye viti vile. Mshauri mwenyewe akadhani ni woga, akawa anamtuliza kwa maneno mazuri mazuri.

"Si woga huo, ni baridi," Fundi akasema. Akatoa blanketi kwa mkono ulio huru, akamrushia. "Jifunike."

"Asante, dada yangu."

Mpishi akajiviringisha. Kidole chake kikakuta uzi unaoning'inia kwenye upande usioshonwa, akaanza kuuvuta.

"We! Acha! Utafumua kazi yangu yote!"

Nesi akageuka. Fundi mwenyewe alishtuka; tangu msiba hakuna kitu kilichokuwa kimemtoka chenyewe namna ile.

"Samahani," mpishi akasema. "Mbona hukumaliza?"

Fundi akafungua mdomo. "Mwenyewe hakuningoja," akasema, na palepale kitu kikamchoma kifuani. Kilikuwa kidogo, lakini kiliuma.

"Basi unimalizie mimi."

Fundi akautazama mkono wake wenye mirija. Pindo halishonwi kwa mkono mmoja.

"Njoo nalo Alhamisi. Nitawahi, nilimalize kabla hatujafungwa mashine."

Mpishi akacheka huku bado anatetemeka. "Mafundi nawajua mimi! Alhamisi ya mwaka gani?"

Vichwa vyote vikageuka. Maskini, hakujua amekaa kwenye kiti cha nani, wala maneno hayo yalikuwa ya nani. Mshauri aliinua macho, akamtazama Fundi.

"Ya wiki hii," Fundi akasema, kwa sauti kavu ambayo hakuna mteja wake aliyewahi kuisikia.