Siku Jomvu Kuu Ilipofunga Milango

"—kuliko wote, Ikhlas! Kasema nimemsaidia kuliko watu wote aliozungumza nao!"

Nilikuwa nishafika katikati ya ukumbi ndipo nikaona nyuso zinazonitazama. Wanawake kama arubaini wameketi mikekani, vichwa vimefunikwa kwa mabuibui, juzuu mikononi. Jeneza la Bi Salme limetoka hata robo saa haijapita, wanaume wamelipeleka msikitini, na miye naingia na habari zangu kama mtu aliyetoka kuposwa.

Jumwa alikuwa karibu na mlango. Akanivuta buibui kwa nyuma. "Kaa chini, we. Umeingia nyumba ya matanga hii."

Nikakaa. Nikasema makiwa. Wakaitikia polepole, "Tunayo," na mmoja kule pembeni akacheka kwa pua. Ikhlas hakugeuka. Alikuwa kajiegemeza ukutani, macho mekundu, mikono bado inanuka kafuri, maana yeye ni mmoja wa waliomwosha Bi Salme.

Ngoja nianze mwanzo, nisirukerukie.

Ikhlas ni dada yangu, binti ya mama mkubwa. Yeye hutengeneza achari, ya maembe na ya ndimu, kwenye jiko kubwa nyuma ya nyumba yao hapa Jomvu Kuu. Ana wanawake tisa wanaofanya kazi naye, akiwemo huyu Jumwa, ambaye kwao ni Kaloleni na ndiko zinakotoka ndimu zetu. Achari yao ukienda Likoni utaikuta, Kisauni utaikuta. Lakini kwa muda sasa inauzika bila kuwalisha. Na Ikhlas ana mtoto, Intisar, miaka mitatu, ambaye babake yupo lakini ni kama hayupo. Basi Ikhlas akakubali kwenda Riyadh kufanya kazi ya nyumba, miaka miwili. Viza ikatoka, na tiketi ikaja ya Jumamosi.

Hapo ndipo nilipojitia miye. Nimesoma biashara chuoni miaka miwili, na cheti changu mamangu amekitia fremu, kwa hiyo nilijiona mtu. Nikasikia kuna kampuni ya Nairobi inatafuta mahali huku bara ya Mombasa ijenge jiko la achari na sosi, na iwachukue watu wa hapo hapo wenye ufundi. Nikawaandikia barua kurasa nne. Nikawaambia bandari iko karibu, stesheni ya reli ya Miritini iko karibu, barabara ya Nairobi iko karibu, ndimu na maembe yanashuka kutoka mashambani kila wiki, na wanawake wa hapa wamekata maembe tangu hawajaota meno. Wakajibu kwamba watamtuma mtu Jumanne, na Alhamisi watatoa uamuzi.

Ikhlas akampigia ajenti wake. Nilikuwepo. "Hawa watu wakitukubali siendi," akamwambia. "Wakikataa, Jumamosi napanda ndege." Akakata simu, akanitazama. "Na weye huyo mgeni utamwambia maji na umeme. Basi. Mengine niachie miye. Ulimi wako naujua."

"Ulimi wangu una nini?"

"Hauna breki."

Wale wanawake waliokuwa wakikata maembe kando yetu wakacheka mpaka Jumwa akajikata kidole.

Jumanne, adhana ya alfajiri ndiyo kwanza imekwisha, tukasikia Bi Salme amefariki. Bi Salme ni jirani, mwanamke mkali, akiona umeosha chupa vibaya anakurudishia mbele za watu. Lakini yeye ndiye aliyemfundisha Ikhlas achari. Kufika saa mbili hakuna duka lililofunguliwa. Wa mahamri hakupika, fundi cherehani hakufungua, wavuvi walirudi na nyavu mabegani bila kwenda majini.

Nikamfuata Ikhlas mlangoni kwa kina Bi Salme. "Dada, saa moja tu. Tufungue jiko saa moja, mgeni aone watu wakifanya kazi, kisha urudi."

"Huyu ndiye aliyenishika mkono nikakata embe la kwanza. Leo nimwache aoshwe na wengine nikaoneshe mapipa?"

"Mtu anatoka Nairobi, Ikhlas."

"Muoneshe weye." Akanipa funguo. "Maji na umeme, Jalila."

Mgeni alikuja saa nne. Jina lake Lenox, kijana mpole, viatu vyeupe, tableti mkononi. Tukapita vichochoroni, na kila mlango alioutupia macho ulikuwa na kufuli.

"Leo ni sikukuu?"

"Kuna msiba."

"Ah, poleni sana. Ni wenu?"

"Jirani."

Nikamfungulia jiko. Nikafungua mfereji, maji yakatoka kwa nguvu. Nikawasha taa, ikawaka. Akapima mlango, akapiga picha mapipa, kisha nikampa achari ya ndimu kwenye kijiko. Alifumba macho. Akaomba tena. Kwenye tableti nikamwona anatia alama za kijani, moja baada ya nyingine.

Ningenyamaza hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini akauliza, kwa upole tu, "Na hawa wote wamefunga kwa ajili ya jirani?"

Basi. Nikamwaga. Nikamwambia hapa akifa mtu, hata yule wa mwisho wa mji usiyesalimiana naye, hakuna anayefungua. Siku ya kumsomea hitima twafunga tena. Jumwa ni Mkristo na leo kafunga kazi, na kwao wakifiwa nasi twafunga, twakodi gari twaenda Kaloleni tukalale huko. Nikamwambia maulidi siku mbili, Ramadhani kazi mpaka adhuhuri, mtu akijifungua wanawake wote wako kwake. Chuoni nilifundishwa kwamba mji hauvutii biashara kwa lami pekee, unavutia kwa watu wanaoaminiana. Nikaona hapa ndipo mahali pa kuonesha elimu yangu. Wallahi nilikuwa namuonesha utajiri wetu.

Akaandika. "Kwa mwaka zinaweza kuwa siku ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. Zilikuwa kama arubaini. Nikaona ni kidogo, watu watadhani hatupendani, nikamwambia sitini.

"Jalila," akasema akifunga tableti, "umenisaidia kuliko wote niliozungumza nao." Akanipa mkono. Nikamsindikiza hadi garini, kisha nikakimbia na habari hadi nyumba ya matanga, na mengine mnayajua.

Wanawake waliporejea kusoma, Ikhlas akanisogelea. "Ulimwambia maji na umeme?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilimwambia."

Akatabasamu, mara ya kwanza siku hiyo. Akanifuta jasho la uso kwa ncha ya leso yake.

Alhamisi ujumbe ukaja kwenye simu yangu, maana barua niliandika miye. Nilikuwa uani, na wenzangu wako jikoni wanageuza ndimu kwenye sinia. Walisema mahali ni pazuri, maji yapo, umeme upo, ufundi ni wa hali ya juu kuliko kote walikopita. Ila siku za kazi zinazopotea ni nyingi mno, hawawezi kupanga mzigo. Wamechukua godauni Changamwe. Wanamshukuru Bi Jalila kwa maelezo yake ya wazi. Nikausoma mara tatu. Kisha nikaufuta.

Ikhlas aliniona mlangoni. "Wamejibu?"

"Wamechukua Changamwe."

Ikhlas akageuza ndimu moja, akageuza nyingine. "Wamesema kwa nini?"

Miye, ambaye habari haikai kinywani mwangu hata dakika tano, nikasema, "Barabara."

"Ile ya vumbi pale mwisho?"

"Hiyo."

"Haya," akasema.

Jumwa akafyonya. "Wanataka kulamba achari bila kukanyaga vumbi, hao." Wengine wakacheka kidogo, kwa ajili ya Ikhlas. Ikhlas naye akacheka, kisha akaenda kuosha mikono, akakaa huko mferejini muda mrefu, na maji tukayasikia yanakwenda.

Jumamosi asubuhi tukamsindikiza kwa teksi, miye na Jumwa, Intisar kalala mapajani mwa mamake. Changamwe dereva akakata kona ya mkato, gari likaanza kuruka. Mashimo, maji machafu, malori yamekwama. Pembeni kulikuwa na godauni ambalo mafundi walikuwa wanalipaka rangi, na chungu ya mapipa mapya ya buluu nje.

"Ndipo hapo?" Ikhlas akauliza.

"Nadhani ndipo."

Akatazama lile godauni. Kisha akatazama ile barabara. Gari likatumbukia shimo jingine, Intisar akashtuka, Ikhlas akamrudisha kichwa kifuani. Kwenye uwanja wa ndege alimkabidhi mtoto kwangu akiwa bado amelala, ili asije akalia, akaingia ndani na mkoba mmoja.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Huko Riyadh Ikhlas hupewa simu kila alasiri, robo saa. Dakika kumi huzungumza na Intisar, ambaye humuonesha viatu vyake, na sahani yake, na paka, kisha huniuliza miye kwa nini mama hatoki kwenye simu. Leo zilipobaki dakika chache Ikhlas akasema, "Nipe Jalila."

"Abee, dada."

"Barabara yetu lori la ndimu hufika mpaka mlangoni," akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira. "Nafikiri hilo kila nikipiga deki. Walisema nini hasa, Jalila?"

Nikakaa chini. Intisar akanipanda mapajani.

"Walisema ufundi wenu ni wa juu kuliko kote walikopita."

"Na kisha?"

Nikasikia mtu akimwita huko, kwa Kiarabu, na yeye akiitika.

"Na kisha mgeni aliniuliza swali, dada, na miye nikamjibu. Nenda, unaitwa. Lililobaki ni kosa langu, na kesho nitakwambia lote."