Mtu Nyuma ya Mwimbaji

Mwanabaraka alikuwa keshavuka barabara, baibui linapepea, mkoba kwapani, na Hamad bado anahangaika na fimbo yake kwenye ngazi za ghorofa.

"Shemeji, ukikawia nakuacha! Nimengoja miaka arobaini na mbili, sikungojei na wewe."

Afra, binti wa Mwanabaraka, alikuwa mbele yao, tiketi ziko kwenye simu. Baba yake, Hafidh, hakuwahi kumwona. Alizaliwa baba akiwa keshapanda meli.

Wiki nzima sinema moja ya Stratford, London, ilikuwa ikionyesha filamu za Yip Siu-hon, mwimbaji wa Kikantoni aliyewaliza wasichana wa Hongkong, kisha akaingia kwenye filamu: kwanza kijana muuza tambi, halafu polisi, halafu jambazi mwenye huruma, mwisho mzee mlevi. Hafidh na rafiki yake Hamad, mabaharia wawili waliokwama bandarini kule, walilipwa kupita nyuma yake kama makuli. Hafidh aliandika barua moja kuyaeleza hayo. Haikuja nyingine. Tangu hapo kila Idi Mwanabaraka humtengea mumewe sahani, na kila aliyemposa alimjibu kwamba ana mume, yuko kwenye filamu.

Hamad alijua vingine. Siku moja ya kupiga filamu ilikuwa zamu yake kuruka majini kwenye kipande cha ugomvi. Akaogopa. Akamvisha Hafidh kofia yake ya kijani, akamwambia, "Nenda wewe, hawatajua." Hafidh hakuibuka hai. Hamad alimwosha, akamzika, akaondoka na kofia, na hajalisema neno lile mpaka leo.

Filamu ya leo ilitengenezwa miaka minane baada ya mazishi. Ndiyo maana alikubali kuja.

Taa zikazimwa. Yip akatokea jukwaani, suti nyeupe, anaimba. Nyuma yake, kati ya wapiga fidla, amesimama mtu wa kwetu, nguo zimemganda mwilini, maji yanamchuruzika. Kofia ya kijani.

Mwanabaraka akamfinya Hamad mkono. "Yule pale! Na kofia yako kavaa, ile niliyokushonea mimi!"

Afra akanong'ona kwa Kiingereza chake kwamba haoni mtu, wapiga fidla tu.

Yip akaingia hotelini. Mtu yule yuko meza ya pili. Yip akapanda basi. Yuko kiti cha nyuma yake. Kila mara karibu zaidi, na Yip hageuki. Ilipofika harusi, mtu yule akasimama mbele ya bwana harusi, uso umejaa skrini nzima, akamtazama Hamad. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, kama mtu aliyechoka kushika zamu ya mwenzake.

"Mwanabaraka," Hamad alisema. "Kafa. Mwaka ule ule wa barua. Ilikuwa zamu yangu kuruka, nikamtuma yeye."

Kwenye skrini yule mtu akavua kofia, akaikamua. Harusi ikaendelea bila yeye.

Mwanabaraka hakupiga kelele. "Nani alimwosha?"

"Mimi."

"Mlimsalia?"

"Tulimsalia."

Akainuka, akajitanda ushungi vizuri. "Afra, nirudishe nyumbani. Mimi niko edani, sinema nafanya nini?"

Shehe alimwambia eda yake ilikwisha zamani, huhesabiwa tangu siku ya kifo. Akamjibu hayo ni ya vitabuni. Alikaa miezi minne na siku kumi, akatoka, akampa jirani ile sahani. Na Hamad hakusema tena. Alimtuma Afra akamwambie kwamba mama kamsamehe, ila asije. Afra alikwenda Hongkong, akalikuta kaburi, akaling'olea majani. Yip Siu-hon alikuwa keshakufa siku nyingi, kwa maradhi ya ini. Filamu zake zimehamia mji mwingine. Hamad bado yuko Peckham. Kofia aliikuta kabatini imelowa, ina chumvi. Ameianika juu ya hita tangu Machi. Haijakauka.