Mlangoni pa Chumba cha Hina

Mahbuba nimemlea mimi, shangazi yake Bakhita. Mama yake, wifi yangu, alifariki Unguja mtoto hajaota hata meno, na kaka yangu Suud akanikabidhi. Sasa tuko Maskati, mwaka huu wa sabini, anaolewa, na leo anatiwa hina. Nami niko mlangoni. Chumba cha hina haingii mwanamke asiyewahi kuolewa. Nina miaka arubaini na miwili, nusu ya wanawake waliomo humo nimewasomesha mimi, lakini kwa desturi yetu bado ni kigori. Nilitaka kukaa karibu na mwanangu tu.

Aliyeingia ni Bibi Hedwig, muuguzi wa Kijerumani aliyemuuguza Suud. Walimkalisha kwenye godoro la mbele, wakampaka hina viganjani. Kwa umri wake walidhani kaolewa zamani. Halafu Bi Nasriya, bibi yake Mahbuba mzaa mama, akataka kujua mgeni ana watoto wangapi, nikaitwa nifasiri Kiingereza chake. Lakini nifasiri palepale, nje ya kizingiti.

Hedwig alisema hana mtoto wala hajaolewa. Zamani kwao, binti wa watu wenye nafasi asipoolewa alikula pembeni ya meza ya kaka yake. Mwalimu wa kike akiolewa alipoteza kazi, basi shangazi yake Hedwig alichagua chaki na ukoo mzima ukamsikitikia. Kisha vita viwili vikamaliza wanaume. Wasioolewa wakawa wengi mno, watu wakachoka kuwasikitikia. Siku hizi yeye ana nyumba yake, na majirani humwamkia kwa heshima ileile ya mke wa mtu.

Nilifasiri yote, sikupunguza neno. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikajisemea. Moyo wangu uliokufa ganzi tangu tulipotoka Unguja ulishtuka kidogo.

Mahbuba akainua uso. "Bibi, kama yeye kakaa hapa, basi na shangazi aingie."

Bi Nasriya hakukasirika. Bora angekasirika. Alinitazama kwa upole kabisa, akamjibu Mahbuba.

"Huyu mgeni, mwanangu, ana desturi za kwao. Bakhita ni wetu."

Wanawake wakaitikia kuwa ni kweli. Mahbuba akanitazama, kisha akarudisha mkono kwenye hina. Ganzi ikanirudia.

Hedwig akauliza wamesema nini juu yangu. Nikamwambia wanasema mimi ni mtu wao.

Akatabasamu, akasema nina bahati.