Upande wa Kusini

Sogosira alizima mashine ya kuchomelea huku jiko la braai la mteja, la kuchomea nyama, likiwa na miguu mitatu tu, akapokea simu. Alikuwa mdogo wake, Salia, akipiga kutoka mji waliokimbilia baada ya wenye bunduki kukivamia kijiji chao cha Wabobo, huko Bukinafaso. Baba yao, mhunzi, alikuwa na miezi mitatu kaburini na bado hajasindikizwa.

Maana kwa watu wa kijiji kile kuzikwa si kuondoka. Sharti kinyago cha majani, anachofungwa mtu mwili mzima, kitoke porini, kimchukue marehemu pamoja na makosa yake, kimtoe kijijini, kisha kivuliwe na kuchomwa. Kazi hiyo ni ya wahunzi, na wahunzi wazee walikwisha wote, wengine kwa risasi, wengine kwa uchovu wa njiani. Alibaki Sogosira, aliyepitia jando lao ujanani. Naye kwa miaka ishirini hapa Rosettenville, Johannesburg, Afrika Kusini, alikuwa akijigamba kwamba yeye ni fundi tu, mambo ya majani aliyaacha kwao.

"Kaka, mvua zimeanza," Salia alisema. "Mbegu zikiingia ardhini, mwiko. Mama hali kitu. Anasema anamsikia baba akikohoa nje. Majani tumekata, wanaume wanne wapo. Tuambie tu."

Mayasa, mkewe, mwenyeji wa Tanga, alikuwa ameingia na chai.

"Mama Yasmin, niwie radhi," Sogosira akamwambia. "Haya mwanamke hayasikii."

"Hata kwa lugha nisiyoijua?"

"Hata hivyo."

"Haya, baba. Mila za watu mkwe haziulizi." Akajitanda mtandio, akaenda kusimama ng'ambo ya barabara kwenye baridi.

Aliyoyasema Sogosira hayaandikwi hapa. Alianza na ufungaji wa majani miguuni, akapanda kiunoni, mikono yake ikizungusha hewani kamba isiyokuwapo, na furaha ikamjaa kuona hajasahau. Alipofika utosini, akakwama. Kabla ya kufunga, mvaaji huelekezwa upande fulani; huko ndiko marehemu anakopelekwa. Upande gani? Alikumbuka majani yalivyomwasha shingoni. Alikumbuka hata jasho la mjomba wake. Upande haukuja.

"Kaka? Eish, mtandao," Salia akasema, neno alilojifunza kwake.

"Nipo."

Angeweza kusema sijui. Lakini nyuma ya Salia alimsikia mama yake akiuliza, kwa sauti nyembamba, kama mwanawe mkubwa amekubali. Akaona aibu. Akasema, kwa sauti ya baba yake kabisa, "Kusini. Mwelekezeni kusini."

Jumatatu adhuhuri simu ikalia tena. Salia alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Amekwenda, kaka! Mama amemaliza bakuli zima. Hata babu mmoja, mkulima, ameapa kwamba enzi zao ilikuwa kusini vilevile. Na hawa wanne watawafundisha wana wao, neno kwa neno."

"Vizuri," Sogosira alisema.

"Baba kakohoa mara moja tu, mama anasema, tena mbali. Halafu akashika njia ya kusini, hakugeuka nyuma."

Simu ilipokatika, Sogosira alikaa juu ya ndoo. Mayasa akamkuta hapo, akamshika bega.

"Amekwenda mzee?"

"Amekwenda."

"Alhamdulillahi. Sasa mbona umejikunyata? Kwani anakwenda wapi?"

Sogosira alitazama barabara, upande wa kaskazini. Teksi zilipita, watu walipita. Aliogopa, na ndani ya hofu ile mlikuwa na hamu ambayo hakuitarajia.

"Leo jioni lango tusilifunge," alisema.

"Joburg hii?"

"Hii hii," akajibu. "Mzee hajui kutumia kengele."